Mwongozo wa Kupanga Fleti Ughaibuni Bila Kuuliza Maswali

Ukichukua chumba cha gesti hapa Kasanga, kitabu cha wageni kinakufikia kabla hujavua kiatu. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Unajaza kila kisanduku, ingawa ulifuata migebuka tu na alfajiri unawahi basi la Sumbawanga. Sawa, adabu hiyo ni ya nyumbani. Leo tunazungumzia safari kubwa: Guangzhou kufuata mzigo, Dubai kuongeza mtaji, au, Mungu akijalia, Paris na mama watoto. Umeona fleti kwenye simu, ina jiko, ina roshani, na bei yake hoteli hazifiki. Kuuliza kama mwenye fleti anaruhusiwa kuipangisha kwa siku nne ni ushamba. Nifuate, hutauliza.

1. Anza na picha, na uishie hapo. Kitanda kikiwa na mito sita, serikali ya huko imeridhia. Tapeli gani ana muda wa kupanga mito? Usiteremke hadi kwenye maandishi madogo chini ya tangazo, maana huko ndiko ilikofichwa namba ya usajili. Barcelona namba hiyo hutanguliwa na herufi HUTB. Paris huwa na tarakimu 13. Dubai nako, tangu amri ya mwaka 2013 kuhusu nyumba za mapumziko, lazima kiwepo kibali cha idara ya utalii. Ukikuta namba, usijaribu kuitafuta kwenye tovuti ya jiji husika. Ukikuta hakuna, tulia: mwenyeji wako si mtu wa kujionyesha.

2. Shika kanuni moja ikutoshe dunia nzima: kama ipo kwenye programu, ni halali. Kanuni hii ni tamu kwa sababu haina tarakimu, na wenzetu wa huko wamezidi kwa tarakimu. New York, tangu Septemba 2023, nyumba ya kupangishwa chini ya siku 30 lazima iwe imesajiliwa, mwenyeji awemo humo humo pamoja nawe, wageni wasizidi wawili, na milango ya vyumba isiwekwe kufuli za kutenganisha mgeni na mwenyeji. London nyumba nzima isizidi usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha halmashauri. Japani ni siku 180. Paris, kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ilikuwa 120, na mwaka 2025 ikashuka hadi 90. Singapore usithubutu kabisa: nyumba ya mtu binafsi haipangishwi chini ya miezi mitatu mfululizo. Sasa wewe wa siku nne utamuuliza mwenyeji ameshapangisha siku ngapi tangu Januari? Atanuna, na utakosa ile roshani.

3. Jengo lisijue. Jiji linaweza kuruhusu na jengo likakataa, kwa sababu jengo lina kamati yake, mkataba wake na bibi mmoja wa ghorofa ya pili asiyelala. Mwenyeji mzoefu anakuandalia mapema. Anakutumia ujumbe: "Ukiulizwa na mlinzi, sema wewe ni binamu yangu." Mshukuru! Wenye hoteli mia moja hakuna aliyewahi kukupa undugu. Ni kweli wewe ni Mfipa na yeye ni Mhispania, lakini usikate tamaa. Kasanga hii hii Wajerumani waliiita Bismarckburg, na meli ya Liemba ilizaliwa Graf von Goetzen, na zote mbili zilizoea. Jifunze jina la mama yake, maana ndiye shangazi yako. Funguo utazikuta kwenye kisanduku kidogo cha namba kilichofungwa kwenye nguzo ya baiskeli, nje, mvuani. Huna haja ya kujiuliza kwa nini ndugu hawezi kukufungulia mlango.

4. Guangzhou ina hatua yake peke yake, kwa ajili ya wafanyabiashara. Sheria ya China inamtaka mgeni anayelala kwingine kusiko hotelini aandikishwe kituo cha polisi cha eneo ndani ya saa 24 tangu afike, aende yeye mwenyewe au aende mwenyeji wake. Hotelini kazi hiyo inafanywa mapokezini wakati wewe unauliza chai iko wapi, ndiyo sababu mojawapo ya hoteli kuonekana za gharama. Mwenye fleti atakwambia, "Hakuna haja." Mwamini. Akienda kukuandikisha, polisi watajua kwamba anapangisha, na wewe hukusafiri kote huko uje kumharibia mtu riziki. Hapa kwetu shemeji akilala siku mbili, mwenyekiti wa kitongoji ameshapata habari kabla ugali haujaiva. Polisi wa Guangzhou hawana majirani wa namna hiyo, wanategemea uende mwenyewe. Usiende. Mzigo ukichelewa ndipo utakapokwenda kuongeza siku za viza, na hapo utaombwa ile karatasi ya kuandikishwa. Tabasamu, sema uliisahau Kasanga.

5. Lipa pembeni. Mkishazoeana kidogo, mwenyeji atapendekeza mwachane na programu umtumie pesa moja kwa moja, akupunguzie kidogo. Kubali haraka kabla hajabadili nia. Mkataba wa nini kati ya binamu? Na kama ubalozi unataka uthibitisho wa malazi ndipo wakupe viza ya Schengen, mwombe akuandikie chochote. Maofisa wa ubalozi wanapenda barua fupi zisizo na anwani.

6. Siku ya kukamatwa, kaa ukijua una bahati. New York faini humwangukia mwenyeji, na inaweza kufika dola 5,000. Mgeni hatozwi hata senti. Wewe unaombwa tu ubebe mabegi yako, mtoto wako na ile chupa ya mafuta ya kupikia uliyonunua jana, mpaka barabarani. Kwa saa za usiku, hoteli ya karibu itakuwa na chumba kimoja, na bei yake utaisimulia miaka mingi. Barcelona mapokezi yana uchangamfu zaidi: Julai 2024 wakazi waliandamana kupinga wingi wa watalii, wakawa wanawarushia waliokula mikahawani maji kwa bastola za plastiki. Mwezi uliotangulia, meya wao alikuwa ametangaza kwamba vibali vyote 10,101 vya fleti za watalii havitahuishwa, vife kufikia Novemba 2028. Kama unataka kujaribu hatua hizi kule, wahi.

7. Ukirudi, simulia vizuri. Weka picha ya roshani kwenye status. Ya nguzo ya baiskeli ifute. Ukiulizwa mbona siku ya tatu ulihamia hoteli, sema mama watoto alitaka bwawa la kuogelea. Kisha kaa chini uandike maoni ya fleti, nyota tano zote, neno "binamu" usilitaje. Yeye naye anakuandikia yako, na wenye fleti wa miji mingine watayasoma kabla hujafika: "Mgeni mzuri sana. Hana maswali."