Wasifu wa Marehemu Klachi

Marehemu wote husomewa wasifu mwema, hata wale waliotukimbia na madeni yetu. Klachi peke yake ikifa husomewa matusi. Leo tuirekebishe dhuluma hiyo.

Tuelewane kwanza ni kifo kipi kinachosifiwa. Sahani ikilika, injini hunguruma na gari halisogei. Hapo ita gari la kuvuta, sina la kusifu. Nasema klachi iliyokatika waya au iliyovuja masta: pedali imelala sakafuni, injini na giaboksi zimeshikana, hakuna tena talaka.

Gari la namna hiyo hurudi nyumbani. Injini ikiwa imezimwa unaingiza gia namba moja, unapiga stata, gari linaruka, injini inawaka, safari imeanza. Mwendo ukipanda unaachia mafuta, gia inatoka kwenda frii. Unasubiri injini ishuke sauti, kisha unaisukuma namba mbili kwa vidole tu. Ukiwahi, meno yanasaga na kituo kizima kinageuka kukutazama. Ukipatia, inaingia kimya. Kushuka gia ni kinyume: frii, gusa mafuta injini ipande, ndipo iingie. Masikio yamechukua kazi ya mguu wa kushoto. Wazee walioendesha Land Rover za kabla ya Series III ya 1971 walizijua sauti hizi, maana gia namba moja na mbili hazikuwa na sinkromeshi. Sisi tumeharibiwa na raha.

Lakini sifa kuu ya marehemu ni kufundisha adabu. Chukua Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kutoka Kamata kwenda Gongo la Mboto. Dereva mwenye klachi hai huziendea taa nyekundu mbio, kisha hukanyaga breki kwa hasira. Mwenye klachi mfu huziona tangu mbali na kupunguza mwendo ili azikute kijani. Simu haigusi. Daladala anaipisha kabla haijaomba. Bodaboda akichomoka pembeni anapungiwa mkono kwa upendo. Pale Tazara anapanda Daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018, anapita juu bila kusimama, na anamwombea dua marehemu mhandisi Patrick Mfugale kwa moyo ambao wenye magari mazima hawana. Trafiki akinyoosha mkono, simama bila ubishi: frii kwanza, breki baadaye. Akishaona gari linavyoondoka, hatatamani kukusimamisha tena.

Nyumbani nako heshima inaongezeka. Shemeji aliyezoea kuazima gari kila Jumamosi ghafla anakumbuka kwamba daladala zipo. Mwizi naye ataishia getini, kwani kutoa gari kwa rivasi bila klachi, kwenye uchochoro wenye mbwa, kunataka mtu aliyesomea.

Fundi atasema stata inaumia na meno ya gia yanalika. Ni kweli kabisa, ingawa ndiye atakayelipwa, na kesho lazima umpelekee gari.

Kwa hiyo usiku ukikuta gari la zamani linatambaa upande wa kushoto limewasha hazadi, usilipigie honi wala usilichomekee kwa mbele. Lipishe. Likizimika hapo, wewe uliye nyuma ndiye utakayelisukuma.