Jinsi ya Kushindwa Kununua Pawatila na Bado Ukasalimiwa Majimoto

Sogea, tuongee wawili tu. Umeona tangazo la pawatila iliyotumika. Labda liko Jiji, labda Kupatana, labda limepita kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa huku kwetu Mpimbwe, Katavi. Bei milioni tatu. Mfukoni una laki nane. Usihuzunike. Kwa laki nane unaweza kushindwa vizuri kabisa.

Anza na salamu. "Ipo?" peke yake ni kugonga mlango ukiwa umeshaingia ndani. Andika: "Habari za kazi, kaka. Nimeona tangazo la pawatila, bado ipo?" Picha yake ikionyesha mvi, anza na shikamoo. Mtu aliyeamkiwa hulainika, na aliyelainika anaweza kukutajia ubovu wa klachi kabla hujauliza.

Hatua ya pili ndiyo ngumu: usijifanye tajiri. Najua unatamani. Sote tukishika simu tunajiona tuna ng'ombe mia. Lakini ukiandika "hela si tatizo, niwekee", muuzaji atakuwekea kweli. Atawakatalia watu wa Usevya, Kibaoni na Mamba kwa ajili yako. Mashine itakaa chini ya mwembe, mvua za Novemba zitaanza, majirani watalima majaruba yao, na yeye bado anakusubiri. Hapo umemwibia mtu msimu mzima bila kugusa mali yake.

Mkato wake huu hapa. Taja hela yako mapema, kwa sauti ya mtu mwenye hesabu zake: "Kaka, nina laki nane sasa, nyingine hadi nivune. Kama haiwezekani, nakutakia mnunuzi mwema." Umeshindwa ndani ya dakika mbili na heshima yako iko palepale. Tena usishangae akikupigia baada ya wiki mbili. Wale wenye "hela si tatizo" watakuwa wameshamchosha.

Akikubali umalizie kwa mpunga baada ya mavuno, andikeni kilo. Msiandike magunia. Gunia la lumbesa limekatazwa na sheria ya vipimo, na hata lisingekatazwa, yeye ataota gunia lililofura na wewe utapima lililonywea.

Haya, hamia upande wa muuzaji, maana siku moja utauza wewe.

Andika bei. "Bei njoo inbox" inamwambia msomaji kwamba unataka kwanza kumpima uso ndipo umkate. Ila iandike kwa hila: ukitaka milioni tatu, weka tatu na laki mbili. Mnunuzi wetu hapati usingizi bila kupunguziwa. Akifika nyumbani lazima amwambie mama watoto kwamba alikubana mpaka ukasalimu amri. Mpe ushindi huo. Shuka polepole, guna kidogo, kuna kichwa. Ukishuka laki mbili kwa pigo moja, atalala akijiuliza kwa nini hakuomba tano.

Halafu taja mwenyewe kasoro moja, ya kweli. "Tairi la kushoto limeisha, na oili inavuja kidogo." Huu ndio mkato ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mnunuzi atajiona mjanja aliyempata muuzaji mkweli, nawe utakuwa umesema ukweli. Picha zipige shambani kwako, mashine ikiwa na udongo wetu mweusi. Ile picha ya pawatila mpya juu ya vigae vinavyong'aa, kila mtu anajua umeiokota mtandaoni.

Ikishauzwa, futa tangazo siku hiyohiyo. Anayetoka Mpanda anapita Sitalike, anakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ndipo ashuke Bonde la Rukwa kuja Majimoto. Ukimwambia "imechukuliwa jana" akiwa ndio kwanza anajipangusa vumbi, hapo sina hila ya kukupa. Mpe maji, mpe chakula, mrudishie nauli.

Sasa hela. M-Pesa iko Tanzania tangu mwaka 2008, na bado watu wazima wanagombana juu ya hela ya kutolea. Mnapatana milioni tatu, mmoja anatuma tatu kamili, mwenzake anafika kwa wakala na kukuta imepungua, na udugu unaishia hapo. Ulizaneni kabla: ni pamoja na ya kutolea au bila? Ukiwa mnunuzi, iongeze wewe. Kwa nyongeza hiyo utasifiwa kijiji kizima, na sifa unazipenda, usinikatalie.

Kishika uchumba usitume kabla hujaiona mashine. Lisome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Kama si la mtu unayezungumza naye, acha. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiujibu hata kwa matusi. Ripoti namba ya tapeli kwa kuituma kwenda 15040.

Siku ya kuiona, fika mapema kidogo na usogeze kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameshaihangaikia asubuhi ili ikuwakie kwa mara ya kwanza. Omba ipoe, kisha iwashwe tena mbele yako. Ukiridhika, nendeni ofisi ya kijiji mkaandikiane mbele ya mashahidi. Usiporidhika, usijifanye umepigiwa simu ya dharura. Mpe mkono, useme: "Mashine nimeiona, bei hii siiwezi. Asante kwa muda wako." Neno "nitarudi" liache kama hurudi, mtakutana tena kwenye mashine ya kukobolea.

Ukimaliza kusoma hapa, fungua simu yako uwajibu wote uliowaambia "niwekee". Wengine bado wamekuwekea.