Tangi la Mzee Tembo

Mzee Tembo alipofariki aliacha shilingi laki moja ndani ya kibuyu na wosia mfupi: watoto wa kijiji waonyeshwe samaki anayeogelea. Kijiji kile kilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka Ziwa Victoria, na samaki waliyemjua watoto ni yule mkavu wa gulioni. Baraza lilipokea kibuyu kwa heshima, kisha likaunda kamati.

Tausi akawa mwenyekiti. Tumbili akawa katibu, Fisi akashika mapokezi na viburudisho, na Mama Nungunungu, ambaye hesabu zake hazijawahi kupishana hata senti, akapewa hazina. Kikao cha kwanza kilijadili rangi. Kikao cha pili kilimtuma Tumbili dukani kwa binamu yake, naye akarudi na bakuli la duara la lita tano, mawe ya buluu, ngome ya plastiki na taa inayobadilika rangi. Tausi alizunguka bakuli lile mara tatu. Lilimpendeza kwa sababu kila upande aliosimama aliuona mkia wake.

Maji yalitiwa asubuhi, moja kwa moja kutoka bombani. Saa sita mchana samaki wakamiminwa: furu watatu na kitoto kimoja cha sangara, ambacho Tumbili alikisifu kwamba ni cha bei rahisi na kina sura ya mheshimiwa. Utepe ukakatwa, Fisi akahudumia pilau, hotuba zikaenda mpaka jioni. Mama Nungunungu alipofungua kibuyu usiku ule, alikuta zaidi ya nusu ya fedha imekwisha.

Siku ya pili samaki walikuwa wamepanda juu, midomo ikifunguka na kufumba kwenye uso wa maji, matamvua yameiva mekundu. Watoto walidhani wanaimba. Siku ya tatu sangara alimmeza furu mmoja. Siku ya tano hakubaki hata wa kumezwa.

Tume ikaundwa, ikala posho, ikatoa taarifa: marehemu hawakuonyesha ushirikiano kwa mradi. Pendekezo lake lilikuwa bakuli lipakwe rangi ya dhahabu. Mama Nungunungu alifunga mdomo wa kibuyu kwa kamba, akajitwika, akashika njia ya ziwani.

Alimkuta Mzee Kamongo kwenye matope ya ukingoni, nusu majini nusu nje, akivuta hewa kama sisi tunavyovuta. Kamongo ni samaki mwenye mapafu. Ukame ukiingia hujizika ndani ya tope, akangoja mvua kwa miezi. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, na pole kwa msiba," alisema. "Ninyi mmenunua bakuli na samaki. Maji hamkuyanunua."

"Maji yalitoka bombani, Mzee."

"Ya bombani yana klorini, na klorini huunguza matamvua. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, au tia dawa ya kuiondoa. Hilo ni dogo. Samaki akipumua anatoa amonia. Mavi yake yanatoa amonia, chakula kilichobaki kikioza nacho kinatoa. Ndani ya lita tano, sumu hiyo inakwenda wapi? Huku ziwani kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaonekani, hawana sura ya kukatiwa utepe, na bila wao hakuna samaki atakayeishi."

"Wanauzwa wapi?"

"Wanakuja wenyewe wakikuta pa kukaa na cha kula. Watachukua wiki nne, pengine sita. Tafuta tangi la mtumba la lita sitini. Maji mengi huchelewa kuchafuka na huchelewa kupata joto, kwa hiyo mgeni wa kazi hii anapata nafasi ya kujifunza. Likiwa na mikwaruzo usijali. Lijaze, liache nje siku mbili uone kama linavuja. Weka mahali tambarare penye nguvu, kwa sababu lita sitini ni kilo sitini kabla hujahesabu kioo na mchanga, na jua lisilipige, litageuka kijani. Nunua pampu ndogo ya hewa, na sifongo ya hao bakteria kukaa. Pampu iwe juu kuliko maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwenye mpira. Sabuni isiguse kitu chochote."

"Na samaki?"

Mzee Kamongo alikaa kimya kidogo. "Sangara msimrudie kabisa. Sisi tuliletewa katika miaka ya 1950, tukaambiwa ni neema. Aina nyingi za furu niliokua nao sizioni tena. Usinunue samaki kwa urefu alionao dukani, uliza atakuwa na urefu gani akikomaa. Sangara anaweza kupita urefu wa mtu. Chukua gapi sita, madume matupu, kwa maana jike huzaa karibu kila mwezi, na makumi kwa mara moja."

Nusu ya fedha iliyobaki ilikwenda kwenye tangi. Iliyosalia ilitosha pampu, sifongo, majani ya majini na kichupa cha kupimia amonia na nitriti. Mchanga aliuosha yeye na watoto, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yakatoka meupe. Pampu ilipowashwa, viputo vilipanda kutoka kwenye sifongo vikipasuka juu mfululizo, na watoto wakakaa kuvitazama. Kila asubuhi Mama Nungunungu alitupia chembe za chakula ndani ya tangi lisilo na samaki.

Kijiji kilicheka. Fisi alitangaza kwamba hazina inalisha maji. Wiki ya nne ikaja habari ya ziara ya Mfalme Simba, na Tausi akafika mwenyewe na samaki kwenye mfuko.

"Mama, watie leo. Mfalme akiondoka watoe."

Mama Nungunungu alichovya kichupa, akatia matone, akakiinua kwenye mwanga. Amonia ilikuwa imekwisha. Nitriti ilikuwa bado juu. "Mwenyekiti, leo ukiwatia watakufa kesho kutwa. Mwambie Mfalme maji yanaiva."

Simba alikuja, akatazama maji na viputo, akaondoka amenuna. Tausi hakumsalimia Mama Nungunungu kwa siku nyingi. Bado naamini siku ile alifanya kazi kubwa kuliko kamati yote kwa mwaka mzima.

Wiki ya sita nitriti ilisoma sifuri, ikasoma sifuri tena siku iliyofuata. Gapi watatu wakaingia, na watatu wengine baada ya wiki mbili, ili bakteria wasizidiwe ghafla. Kila Jumamosi watoto hutoa robo ya maji na kuweka mengine yaliyolala kwenye ndoo. Sifongo huisuuza ndani ya maji yale waliyotoa. Bombani hawaipeleki, klorini ingewaua wafanyakazi.

Mwaka uliofuata kijiji cha jirani nacho kilitaka tangi. Mama Nungunungu alikata kipande cha sifongo yake yenye rangi ya tope, akakitia kwenye mfuko wa maji, akakipeleka siku ile ile kabla hakijafa. Nawe msomaji mwenye tangi lililokomaa, jirani yako akianza la kwanza, mkatie kipande kama hicho. Wewe hakikugharimu kitu, na yeye kitampunguzia wiki kadhaa za kungoja.