Kushusha Gari Eldoret: Mwongozo kwa Aliyekwisha Kuamua

Kwanza, hongera. Umeagiza Subaru Impreza kutoka Japani, umelipa ushuru, umeitoa Mombasa hadi Eldoret bila mkwaruzo, na sasa kinachokukosesha usingizi ni ule uwazi kati ya tairi na fenda. Kiganja kizima kinapita. Jirani hauoni, mkeo hauoni, hata trafiki wa Uganda Road hajawahi kuutaja. Wewe unauona. Mwongozo huu haukusudii kukuzuia, maana aliyekwisha kuamua huzuiwa na bei tu, na springi fupi si ghali kiasi hicho. Unakusudia uharibu kwa mpangilio.

Elewa mapema kwamba unakwenda kinyume na mji mzima. Ingia gereji yoyote ya jua kali uulize ni kazi gani ya miguu ya gari inayokuja kila siku. Utaambiwa spesa. Wenye Vitz, wenye Demio na wenye Fielder wanapanga foleni kuwekewa vipande vya mpira au alumini juu ya springi ili gari lipande inchi moja au mbili. Fundi aliyezoea kuinua, akisikia unataka kushusha, atakuuliza mara ya pili. Usidhani anakudharau. Anaangalia tu kama umekuja na mtu wa familia. Kisha watazame wenye pesa zao mjini hapa, wakulima wakubwa wa mahindi na ngano, wanariadha walioshinda mbio za nje. Wangeweza kununua gari lolote la chini linalouzwa duniani, nao wanapanda Prado.

Utajitetea kwamba Subaru ni gari la rali. Kweli. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza. Itafute picha ya gari lile uitazame vizuri: limeinuliwa, mbele lina vyuma vya kukabiliana na ng'ombe, na magurudumu yana nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Impreza zilizolala chini ni zile za mashindano ya lami kule Ulaya, ambako barabara hufungwa kabla ya mashindano. Wewe unakwenda Langas.

Sasa kazi yenyewe. Ipo njia ya karibu bure, nayo ni grainda. Fundi anaichomoa springi, anakata mzunguko mmoja, anairudisha, na gari linashuka kabla chai haijapoa. Asichokwambia ni kwamba springi iliyokatwa haibaki ile ile iliyopungua urefu. Ugumu wake hupanda kadiri mizunguko inavyopungua: yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikipoteza mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Ncha iliyokatwa haikai tena sawasawa kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia shimoni springi inaweza kulegea na kuhama. Kuna na fundi wa moto, anayeichoma kwa gesi hadi ijikunje yenyewe. Huyo mpe salamu zake upite. Chuma cha springi hupata uwezo wake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo; ukikichoma kiholela unakirudisha kuwa chuma cha dirisha, na baada ya muda gari litainamia upande mmoja.

Njia ya heshima ni springi fupi za kampuni, kama Eibach ya Ujerumani au Tein ya Japani, ambazo kwa kawaida hushusha gari milimita 20 hadi 40. Hapa ndipo mtego mkubwa ulipo, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea. Springi hubeba uzito. Haijui kutulia. Ikibanwa inarudisha nguvu yote iliyopewa, na kama hakuna wa kuizuia itaendelea kuruka juu chini hadi ichoke. Anayeizuia ni shoki: pistoni ndani ya mafuta, na mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu na vali ndogo, kwa hiyo ile nguvu inageuka joto na kupotea. Shoki za kiwandani zilipimwa kwa springi laini. Ukizipa springi ngumu, zinasukumwa kuliko zinavyoweza kuzuia, na shoki zilizokwisha kutembea miaka minane Japani hazikuwa na hamu ya kazi mpya.

Si hilo tu. Gari likishuka, pistoni nayo imeshuka ndani ya silinda, imesogea karibu na kile kipande cha mpira kinachozuia chuma kugonga chuma. Tuseme ulikuwa na milimita 70 za kushukia kabla ya kufika kwenye mpira. Ukatoa 35. Umebaki na nusu, na shimo halijapunguza kina. Ndiyo sababu springi fupi lazima iwe ngumu, na ndiyo sababu springi ngumu inataka shoki yake. Kuuziwa springi peke yake ni kuuziwa nusu ya kitu.

Kama unataka kauli yangu, nunua shoki mpya za kampuni inayoaminika, KYB kwa mfano, rudisha springi za urefu wa kiwandani, badilisha bushi zilizokauka, ufanye alaimenti. Gari litashika barabara kuliko lilivyowahi kushika. Tatizo ni kwamba shoki nzuri haionekani kwenye picha, na hakuna rafiki atakayeinama kuisifu. Basi tuendelee na mpango wako.

Desemba utaitwa nyumbani, Moiben au Ziwa, na gogo, nyanya yako, hatakuacha uondoke mikono mitupu. Magunia mawili ya mahindi, kila moja kilo 90, yanaingia buti. Kilo 180 zikikaa karibu zote juu ya springi mbili za nyuma, kila moja ikibeba niutoni 25 kwa milimita, nyuma inazama kama milimita 35. Ndizo hizo hizo 35 ulizokuwa umebaki nazo. Kuanzia hapo unaendesha juu ya mpira, na mbele yako kuna barabara ya murram ambayo matrekta yameichimba njia mbili na kuacha tuta la nyasi katikati, kwa kimo cha sampu yako ya oili. Kumkatalia gogo hakuwezekani. Mwambie mahindi utayafuata kwa pikapu ya mjomba.

Mjini kuna matuta. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, ila matuta hayakuarifiwa. Mengine yalijengwa na mkandarasi mwenye kipimo, mengine na wakazi wenye hasira, kwa mawe na udongo. Yapite mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Boda boda watakupita pande zote mbili. Abiria wakijitolea kushuka, usione aibu kuwakubalia.

Halafu nenda alaimenti, siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Mbele, Impreza inasimama kwa miguu ya aina ya MacPherson, ambamo shoki yenyewe ndiyo mguu wa gurudumu. Ukigusa urefu umegusa pembe zote. Tairi linainama kwa ndani, usukani unavuta, na mpira unaliwa upande ule usiouona hadi waya zitokeze. Mkono wa chini nao, ambao ulikuwa umeinamia gurudumu, sasa unapanda kulielekea, na gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kulala kwenye kona kuliko la mwenzako ambalo halijaguswa. Hili wauzaji hawalipendi kabisa.

Nisiwe mchoyo: ipo barabara inayolipa gharama. Ukitoka Iten, kwenye mita 2,400 hivi, ukateremka kupitia Tambach kuelekea bonde la Kerio, kuna lami na kona baada ya kona. Hapo gari lililoshushwa kwa kiasi, likiwa na shoki zinazolingana na springi, ni raha tupu. Hapo pia, likifika kwenye mpira katikati ya kona, gurudumu linaacha kufuata barabara ghafla, na upande mmoja ni mwamba, wa pili ni hewa. Mwarifu mtu wako wa bima kuhusu mabadiliko kabla ya kushuka. Baadaye swali atauliza yeye.

Siku ya kuuza itafika. Mnunuzi hataanza na boneti. Atachuchumaa, atapitisha vidole upande wa ndani wa tairi, kisha atauliza springi za kiwandani ziko wapi. Kwa hiyo zile za zamani usimwachie fundi hata kwa usiku mmoja. Ukizirudia kesho yake, zitakuwa zimeshauzwa kwa mwenye Impreza aliyekuja kuipandisha yake.