Sifa za Bomba Linalokoroma

Samaki wa mapambo wamesifiwa vya kutosha. Wamepigwa picha, wamepewa majina, wameonyeshwa kwa kila mgeni aliyeingia sebuleni. Hakuna aliyewahi kumwita jirani aje aone bomba la plastiki la inchi moja lililosimama pembeni mwa tangi, ambalo kazi yake ni kushusha maji hadi tangi la pili lililofichwa kabatini. Bomba hilo hukoroma usiku kucha, hubwia hewa, hutema mapovu, na mara mojamoja hulowesha zulia. Ni haki nalo lipate mtetezi.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi kueleza. Juu kuna tangi la maonyesho. Chini kuna tangi dogo ambalo wafugaji huliita sampu, makazi ya vichujio, hita na kila kifaa chenye sura mbaya. Maji ya juu yakifika kwenye kizingiti hufurika hadi kwenye sanduku dogo la kizingiti, huingia bombani na kuporomoka kwa uzito wake yenyewe. Chini pampu huyapokea na kuyarudisha yalikotoka. Linalobaki ni swali lililowanyima wafugaji wengi usingizi: lita zinazoshuka zitalinganaje na zinazopanda?

Hapo ndipo sifa ya kwanza inapoanzia, maana bomba lililoachwa wazi hulingana na pampu bila kuombwa. Pampu ikipandisha lita 2,000 kwa saa, maji juu ya kizingiti huinuka milimita kadhaa mpaka zishuke lita 2,000. Ikidhoofika hadi 1,500 kwa sababu tumbo lake limejaa chokaa na mwani, na mwenyewe amesahau kuiloweka kwenye siki, maji huteremka kidogo na bomba hupokea 1,500. Halina kinyongo wala halidai posho. Serikali ngapi zimeshindwa kusawazisha mapato na matumizi, na kipande cha plastiki kinafanya hivyo saa 24 bila waziri wa fedha!

Binadamu hata hivyo haridhiki na usawa aliopewa bure. Mfugaji mgeni husikia kelele, hukata shauri kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, na hukimbilia dukani kununua koki. Akiifunga upande wa pampu hakuna neno: yanayopanda hupungua, yanayoshuka hufuata. Tatizo ni kwamba mkono humwasha akilitazama lile bomba la kushushia, na bomba nalo limekaa tayari kumfundisha hesabu.

Tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Kila sentimita moja ya maji humo ni lita 6. Tuseme kutoka usawa wa kawaida hadi ukingo wa kioo pamebaki sentimita 3, yaani nafasi ya lita 18. Mwenye tangi anaminya koki ya bomba lake la pekee hadi kelele inaisha, anatazama kwa dakika moja, anaona maji yametulia, anakwenda kula. Ikiwa amekosea kwa lita 100 kwa saa, robo saa haitafika kabla maji hayajavuka ukingo. Bomba lililojaa pomoni lina huruma, ila ni ndogo: kwa mporomoko wa sentimita 80, maji ya juu yakiongezeka sentimita 3 mtiririko huongezeka kwa chini ya asilimia 2, kama lita 37 tu katika kila 2,000. Kosa dogo kuliko hilo litasamehewa. Kubwa kuliko hilo litaishia kwenye zulia.

Na hata aliyepatia jioni hajapona. Usiku wa manane konokono wa ukubwa wa punje ya mahindi anaweza kuamua kutembelea koki iliyominywa, na pampu haina habari. Inaendelea kupandisha maji kwa bidii ileile iliyosifiwa kwenye boksi lake. Asubuhi familia nzima inajifunza kupiga deki kwa pamoja. Wataalamu wa malezi hulalamika kwamba siku hizi watu wa nyumba moja hawana shughuli inayowakutanisha.

Kukoroma kwenyewe nako kuna elimu. Maji yanaposhuka yakiambaa kuta za bomba huburuta hewa, na hewa hiyo ndiyo inayogugumia. Yakizidi, bomba hujaa lote, na uzito wa maji yaliyomo huanza kuvuta yaliyo juu, kwa nguvu ileile inayotumika kunyonya petroli kwa mpira. Sanduku la kizingiti hukaushwa haraka kuliko linavyojazwa, hewa hupenya kwa mlio mkubwa, mvuto hukatika, na mchezo huanza upya. Kikombe kinachohusishwa na Pythagoras, ambacho humwaga kinywaji chote mlevi akijimiminia kupita alama, kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mwenye bomba linalokoroma basi anamiliki kipande cha hekima ya Wagiriki, na anakisikia kila baada ya sekunde chache hata kama hakukiomba.

Juhudi za kulinyamazisha zimezaa ustadi ambao bila kero usingekuwepo. Mfugaji wa Marekani aitwaye Durso aliachia jina lake bomba lenye kiungo cha tii juu, kiwiko kinachotazama chini ndani ya maji, na kifuniko kilichotobolewa tundu dogo la hewa. Siri yote iko kwenye tundu hilo. Likiwa dogo mno, sanduku hukauka na kujaa kwa zamu. Likiwa kubwa mno, mngurumo hurudi. Watu wazima wenye shahada na heshima zao hupiga magoti mbele ya kabati, keekee ndogo mkononi na sikio kwenye plastiki, wakitoboa kidogo na kusikiliza.

Wengine wamehamia kwenye mfumo uitwao BeanAnimal, wa mabomba matatu. La kwanza hujaa maji tupu na hivyo huwa kimya. Hilo ndilo linaloruhusiwa kuminywa, tena kwa valvu ya gurudumu inayozungushwa taratibu, kwa kuwa ile koki ya mkono inayofunga kwa robo duara haina subira ya kutosha. La pili hupokea masalia, mkondo mwembamba tu, na hilo ndilo linalobeba kosa la mkono wa binadamu bila kusema. La tatu ni kavu. Limewekwa juu kidogo kuliko mengine, na kazi yake ni kutofanya kazi hadi siku ya balaa. Katika ofisi nyingi wapo wa namna hiyo, lakini hili la tatu siku hiyo ikifika huwa lipo.

Ukoo wa bomba hili si wa juzi. William Alford Lloyd, mtu aliyesanifu akwaria ya bustani ya wanyama ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864 na ile ya Crystal Palace kusini mwa London mwaka 1871, alishikilia kwamba matangi ya maonyesho yanahitaji ghala kubwa la maji lililo chini, gizani, ambamo mwani hausitawi. Kule Crystal Palace mashine za mvuke zilipandisha maji ya bahari, nayo yakarudi ghalani kwa mteremko. Wageni walilipa kiingilio waone pweza na kamba. Waliolipa waone mabomba hawatajwi.

Na faida yake inafika mpaka Kigoma. Samaki wa jenasi ya Tropheus, wala mwani wa miamba ya Ziwa Tanganyika, hubadilika rangi kutoka kipande kimoja cha pwani hadi kingine, na wafugaji wa Ujerumani huwaita kwa majina ya huko walikotoka: Ikola, Moba. Wamezoea maji magumu yasiyobadilikabadilika, yenye pH inayokaribia 9, na sampu husaidia kwa kuongeza wingi wa maji yanayozunguka. Maji yakipungua kwa mvuke, usawa wa juu haushuki, kwa sababu kizingiti kimeshaupanga. Upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu kule chini. Samaki hawajui kama kuna ukame. Anayejua ni pampu, inapoanza kunyonya hewa.

Umeme nao una sura yake katika sifa hizi. Ukikatika, pampu hunyamaza na maji hurudi kinyumenyume kupitia bomba la kupandishia hadi mdomo wake utakapopata hewa. Mdomo huo ukiwa sentimita 5 ndani ya maji, kwenye tangi letu la mfano zitashuka lita 30, na sampu iliyojazwa hadi shingoni haina pa kuziweka. Dawa ni kutoboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema. Mwani hulipenda sana tundu hilo na hulifunga. Mfugaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuishi na mgao wa umeme hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ndiye mtu pekee mtaani anayeijua ratiba kwa moyo.

Anayepanga kuanza basi na asiguse koki kabla hajatoboa njia ya pili ya kushushia maji. Ajaze mfumo maji matupu, azime pampu kwa makusudi mchana kweupe, na atazame kama sampu inameza yote yanayoshuka. Chumba cha pampu akipange kiwe na maji machache kuliko nafasi iliyobaki juu ya tangi, ili njia zote zikiziba pampu ikaukiwe kabla sebule haijafurika. Samaki anunue wiki inayofuata. Kelele itakayobaki baada ya hapo ni ya halali, na fundi bomba asisumbuliwe kwa ajili yake.