Jinsi ya Kurusha Ndege za Matajiri Ukiwa Mkazi wa Picha ya Ndege

Umemaliza chuo, shangazi amechoka kukuuliza kama bado unahangaika na bahasha, na hatimaye umeitwa kwenye usaili: kupanga safari za ndege za kukodi, jengo la kwanza la abiria, Uwanja wa Julius Nyerere. Hongera. Sasa fuata maelekezo.

Chagua makazi kwanza. Ukipanga Kisarawe, utapita Pugu na Gongo la Mboto na kufika uwanjani kwa njia hiyo hiyo moja. Hiyo ni rahisi mno kwa mtu mwenye ndoto. Panga Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, ili ukisema unashughulika na ndege pasiwe na wa kubisha. Kazi inaanza kabla ya mapambazuko, kwa hiyo toka nyumbani jogoo wa jirani akiwa bado amelala. Mgeni wako atafika Zanzibar kwa dakika 20 tu. Usilinganishe na daladala zako. Huo ni utovu wa nidhamu.

Ukifika mezani, zoea saa za aina tatu. Karatasi za ndege zinafuata UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Safari iliyoandikwa 0700 ni 10:00 kwenye simu ya mtalii, na ni saa nne kwa mama ntilie anayemletea rubani chai. Ukichanganya, umeumia, maana viwanja vingi vya mbugani havina taa. Jua likizama hakuna kutua, kwa hiyo siku nzima unaihesabu kinyumenyume kuanzia magharibi.

Halafu mzani. Mgeni ameandika kilo 70, mzani unasema 92, na begi laini la kilo 15 aliloelekezwa limekuja na magurudumu manne. Cessna Caravan haijui cheo cha mtu. Tabasamu, mwambie begi litamfuata na ndege ya mchana, kisha sogea pembeni asikie rubani matusi yaliyobaki.

Mshahara, najua ndio ulioruka aya zote kuufuata. NSSF asilimia 10. Bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kama ulisoma kwa mkopo. TRA nao wana chao kwa kinachozidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Robo na ushee imepaa bila kibali cha kuruka! Bakshishi anapewa rubani. Wewe utapata "asante sana" saa sita usiku, ikifuatiwa na "tunaomba kubadilisha tarehe". Masika yakiingia, Aprili na Mei, kambi nyingi za Hifadhi ya Nyerere zinafungwa. Hapo ndipo utajua kama mkataba wako ni wa mwaka au wa msimu.

Kupanda cheo kupo, ila si kwa kupokea simu vizuri. Ngazi ya kweli ni leseni ya ofisa operesheni za ndege: uwe na miaka 21, ufaulu hali ya hewa, urambazaji, sheria za anga na hesabu za uzito, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) wakupe. Ukiwa nayo, hata mashirika makubwa yatakusikiliza. Usipokuwa nayo utaitwa "mtu wetu muhimu sana", cheo kisicho na nyongeza.

Basi kabla hujasaini, uliza kozi ya leseni hiyo italipiwa na nani, na jibu liandikwe kwenye mkataba, si kwenye WhatsApp.