Mgeni na Siku Sita za Wazimu Wenye Ratiba

Katika miji iliyo kando ya Mto Rhein, na hasa mjini Köln nchini Ujerumani, kanivali ni sherehe inayotangulia Kwaresima, yaani mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka, na ingawa msimu wake hufunguliwa tarehe 11 Novemba saa tano na dakika 11 asubuhi, kwa kuwa 11 huhesabiwa huko kuwa namba ya wapumbavu, sherehe za mitaani hazipambi moto mpaka Alhamisi inayotangulia Jumatano ya Majivu. Mgeni aliyetoka Dodoma, Mombasa au Bujumbura hukutwa na Alhamisi hiyo katika wakati mbaya kabisa wa maisha yake ya ugenini, kwa sababu ndiyo kwanza amemaliza kujifunza, kwa aibu nyingi, kwamba Mjerumani hapigiwi hodi bila miadi, kwamba ndani ya tramu watu hawasalimiani, na kwamba taa nyekundu ya waendao kwa miguu huheshimiwa hata usiku wa manane barabara ikiwa tupu. Elimu hiyo yote husimamishwa kwa siku sita, wala wageni hawapewi taarifa.

Hasara ya kwanza huangukia shingoni. Alhamisi hiyo, iitwayo Weiberfastnacht, ni siku ya wanawake kushika madaraka, na mila yake ina historia ya heshima, kwani mwaka 1824 huko Beuel, ng'ambo ya mto kutoka Bonn, wanawake waliokuwa wakifua nguo za watu kwa ujira waliunda kamati yao wenyewe ya kanivali, wakiwa wamechoka kuachiwa mabeseni huku waume wakienda kusherehekea. Siku hizi wanawake huvamia majumba ya halmashauri na kuyateka, na mwanamume yeyote aliyevaa tai huhesabiwa kuwa ameileta ili ikatwe. Mgeni aliyekwenda kazini na tai yake ya harusi, akamwona mhasibu mpole wa ghorofa ya pili akimjia na mkasi, hudhani kwanza kuwa hivyo ndivyo mikataba ya ajira inavyovunjwa katika nchi hiyo. Na anapobusiwa shavuni baada ya tai kukatwa, busu ambalo ndilo fidia inayotambuliwa na mila, hubaki akitafakari ni sehemu gani ya kisa hicho itakayosimuliwa nyumbani kwa mkewe. Sheria nayo haikunyamaza, maana mwaka 1988 mahakama ya mji wa Essen iliamua kuwa mteja wa wakala wa safari aliyekatiwa tai pasipo ridhaa yake alipwe, na hivyo hata mkasi wa mzaha ukapata faili lake.

Taabu ya pili ni ya mavazi. Kwa kuwa mji mzima umejigeuza kuwa kuku, nyuki, maharamia na watawa, mtu aliyevaa nguo zake za kawaida ndiye anayeonekana wa ajabu, na mzee wa Kiswahili aliyejisitiri kwa kanzu na kofia ya kiua husifiwa kwa ubunifu wake na kuulizwa amejifanya nani. (Wapo pia wanaojipaka masizi usoni na kuvaa sketi za majani ili wawe “Waafrika”, desturi ambayo Wajerumani wengi wenyewe huikemea, na ambayo haichekeshi hata kidogo.) Hatari zaidi ni polisi, kwa sababu sare ya polisi ni miongoni mwa mavazi yanayopendwa, na mgeni mwenye kuzijua sheria za uhamiaji, akisimamishwa na askari wawili barabarani, huvua glavu katika baridi ya Februari, hutoa kibali chake cha ukaazi na kukikabidhi kwa mikono miwili kwa mtu ambaye pingu zake, zikitazamwa vizuri, ni za plastiki.

Jumatatu, ambayo huitwa Rosenmontag, hupita gwaride kubwa lililoanza mwaka 1823, wakati Köln ilipokuwa chini ya utawala wa Prussia, dola ya kijeshi ambayo wenyeji hawakuipenda na ambayo waliona ni salama zaidi kuicheka kuliko kuipinga. Ndiyo maana mbele ya magari yaliyopambwa huandamana vikosi kama Rote Funken, wanaovaa sare nyekundu na nyeupe za askari wa kale wa mji huo, wakibeba bunduki za mbao na kucheza ngoma ambayo ndani yake askari hugeuziana migongo na kusuguana makalio. Na mgeni aliyelelewa kusimama wima kila jeshi lipitapo hajui macho yake ayapeleke wapi. Kutoka juu ya magari hurushwa peremende, chokoleti na maua, mzigo unaokadiriwa kufikia tani 300, ambao mgeni huupokea kwanza kwa paji la uso. Akiisha kupona, adabu zake humponza tena, kwa maana kwao mtu mzima hagombanii pipi na watoto, ilhali bibi wa miaka sabini aliye kando yake amegeuza mwavuli juu chini na kuufanya chungio, naye hana huruma. Ole wake pia atakayejaribu kushangilia kwa neno “Helau”, ambalo ni la mji wa jirani wa Düsseldorf, badala ya “Alaaf” la Köln, kwani atatazamwa kama shabiki aliyeimba wimbo wa Simba katikati ya jukwaa la Yanga.

Kuhusu bia, inatosha kusema kwamba ile ya Köln hutolewa katika bilauri nyembamba ya mililita 200, na mhudumu huendelea kuleta nyingine bila kuagizwa, akichora mstari kwenye kijikaratasi kigumu cha kuwekea bilauri, mpaka mnywaji akifunike kinywa cha bilauri kwa kijikaratasi hicho. Na mgeni anayedhani kuwa anakirimiwa, naye akamaliza kila anacholetewa ili asimvunje moyo mwenyeji, huja kuelewa ile mistari ilikuwa ya nini.

Usiku wa Jumanne huteketezwa Nubbel, sanamu la majani lililoning'inizwa kwenye mabaa siku zote hizo, ambalo husomewa mashtaka ya ulevi, fedha zilizopotea na ndoa zilizotikiswa, kisha huchomwa moto huku waombolezaji wakilia kwa sauti. Mtu wa pwani, ambaye hakufunzwa kuupita msiba bila kutoa pole, huvua kofia, huwashika mkono wafiwa na kuingiza mkono mfukoni kutafuta rambirambi. Asubuhi yake, Jumatano ya Majivu, mfungo huanza na watu hula samaki, na jirani aliyemkumbatia mgeni siku nne mfululizo akiwa amevaa manyoya ya kuku humpita kwenye ngazi kwa kuinamisha kichwa tu.

Watangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, shirika lililokuwa na makao yake Köln hadi lilipohamia Bonn mwaka 2003, wamekuwa jirani wa mambo haya kwa miongo kadhaa, na Mswahili mwenye safari ya huko mwezi Februari angefanya vyema kuwauliza. Kama hana nafasi ya kuuliza, basi na afungashe mwavuli mkubwa na tai ya mtumba.